Kinyonga Hula Nini? Habari za Kale na za Karibuni

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima ya Kilwa na Lindi

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: KINYONGA. Chini yake andika: LUMBWI. Ni mnyama yule yule mmoja. Wengine humwita hivi na wengine vile.

Leo ni somo la historia. Najua wako watakaouliza, historia na kinyonga wapi na wapi? Tumezoea kuwa historia ni habari za masultani wa Kilwa Kisiwani, au za Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1331, au za Vita vya Maji Maji. Lakini hata swali dogo lina historia yake, na swali letu ni hili: kinyonga hula nini? Watu wamelijibu kwa muda wa miaka karibu elfu mbili. Wengi walijibu kwa kubahatisha, na mnyama ndiye aliyelipa. Mwisho wa somo mtaona kwamba swali hili linaingia hata katika mashamba yetu ya mikorosho.

Tuanze mbali, huko Rumi. Palikuwa na mtu mmoja mwenye elimu nyingi aliyeitwa Pliny, aliyekufa mwaka 79. Aliandika kitabu kikubwa juu ya viumbe vyote, na humo alisema kwamba kinyonga hali chakula wala hanywi maji, bali huishi kwa hewa tu. Msimcheke upesi. Mtazameni kinyonga saa sita za mchana juu ya mwembe. Hukaa kimya kutwa, jicho moja likitazama huku na jingine kule. Pengine hufumbua kinywa, ama kwa joto ama kwa ghadhabu, na mtu akimwona hivyo aweza kudhani kweli anameza upepo. Hapo mdudu akitua karibu, ulimi hutoka. Ulimi ule ni mrefu kuliko mwili wenyewe, tukiacha mkia, nao huenda na kurudi kwa upesi ambao jicho la mtu haliwezi kuufuata. Unaona tu kinyonga anatafuna, wala hujui alichotafuna kimetoka wapi. Basi Pliny aliandika, na waliomfuata wakanakili alichoandika bila kwenda kutazama. Ndivyo lilivyo kosa likishaingia kitabuni. Hupata heshima ya kitabu.

Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Mwaka 1646 daktari mmoja Mwingereza, Thomas Browne, alitoa kitabu cha kusahihisha mambo ambayo watu waliyasadiki bure, na kinyonga alipewa sura yake. Browne alisema kwa akili nzuri kabisa: mnyama huyu ana meno, ana tumbo na ana utumbo, je, hivyo vyote vya nini kama chakula chake ni hewa? Akawataja na watu waliompasua kinyonga wakakuta wadudu tumboni. Baadaye, mwaka 1672, mwandishi mmoja wa kike wa Ufaransa, Madeleine de Scudéry, aliletewa vinyonga kutoka Misri, akawafuga nyumbani kwake Paris. Kwa hiyo desturi ya kumfuga kinyonga mbali na kwao si ya jana.

Sisi je? Kwetu wengi wamemwogopa kuliko kumchunguza. Mtoto huambiwa asimguse, ana sumu. Mtu mzima akimkuta njiani hutafuta fimbo. Hilo nalo ni kosa la kunakili. Kinyonga hana sumu ya kumdhuru mtu. Akishikwa ataguna kama paka mdogo na pengine atauma, lakini hayo ni ya kujitetea tu. Walioishi pwani hii wakalima na kutazama walijua toka zamani kwamba anakula panzi na nzi. Ila hawakuandika, na asiyeandika husahauliwa. Mnaona kwa nini nawahimiza mjifunze kuandika.

Sasa tuje hapa hapa kwetu. Mwaka 1939 alifika Lindi mtu aliyeitwa Arthur Loveridge. Alikuwa Mwingereza, naye zamani aliwahi kufanya kazi Tanganyika katika Idara ya Wanyama, kisha akaenda Marekani kushughulika na mijusi, nyoka na vyura katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard. Alipanda Rondo akapiga kambi mahali paitwapo Nchingidi. Siku hizo msitu wa Rondo ulikuwa haujakatwa mivule yake kama ulivyokatwa baada ya Vita vya Pili. Kama ilivyokuwa desturi yake katika safari zote, Loveridge alikusanya wanyama kwa msaada wa wenyeji, akaandika ukubwa wa kila mmoja, rangi yake na mahali alipopatikana. Na jambo linalotuhusu ni kwamba katika taarifa zake aliandika pia chakula alichokikuta matumboni mwao. Hivyo swali la Pliny likapata majibu ya kweli kutoka katika misitu ya Afrika ya Mashariki.

Lakini fahamuni, kinyonga wa Loveridge hakuhitaji kulishwa. Alitiwa katika chupa ya dawa ili asioze, akasafiri mpaka Marekani amekufa. Kumpeleka mnyama akiwa hai ni kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo katika nchi yetu ya kusini ilikuwa na bingwa wake.

Wazee wa Liwale watalikumbuka jina la Bwana Nyoka. Jina lake hasa ni C. J. P. Ionides. Alizaliwa Uingereza mwaka 1901, akaingia Idara ya Wanyama ya Tanganyika mwaka 1933, na sehemu kubwa ya maisha yake ilipita Liwale mpaka alipofariki mwaka 1968. Alikamata nyoka wenye sumu kali, wa chini na wa juu ya miti, akawapeleka hai katika mabustani ya wanyama ya nchi nyingi. Nyoka ana sifa moja inayomfaa msafirishaji: akishakula vizuri aweza kukaa majuma kadhaa bila chakula. Ukimtia katika mfuko na sanduku lenye hewa, atafika. Waliokuja baadaye kuuza vinyonga walidhani kinyonga naye ni vivyo hivyo, maana wote ni wa jamii ya watambaao. Sivyo. Kinyonga hukauka maji upesi, nguvu humwisha upesi, na akiwekwa pamoja na wenzake hufadhaika hata akakataa kula.

(Hapa niwaambie jambo la kuchekesha kidogo. Kusini mwa Tanzania kuna kiumbe asiye na miguu, aishiye ndani ya udongo. Ukimwona utadhani ni nyungunyungu mkubwa, kumbe ni jamaa ya mijusi na nyoka. Wataalamu wamempa jina Loveridgea ionidesii, yaani mabwana wetu wote wawili wamo katika jina lake. Jina lakaribia kuwa refu kuliko mwenyewe.)

Biashara ya vinyonga hai ilikua sana katika miaka ya 1980 na 1990. Watu wa Ulaya na Marekani walipenda kuwafuga majumbani, na Tanzania, pamoja na Madagaska, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wengi. Walitoka milima ya Usambara, Uluguru na Meru, na pia alitafutwa yule kinyonga mkubwa wa pande zetu za kusini na mashariki, mwenye pembe ndogo puani, ambaye ndiye mkubwa kupita vinyonga wote wa bara la Afrika. Katika vitabu huitwa kwa jina la daktari Meller, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi. Mataifa yalikuwa na mkataba wa kuihesabu biashara ya namna hii, mkataba uitwao CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Vinyonga waliingizwa humo mwaka 1977, na Tanzania ilijiunga mwaka 1979. Mkataba ulitaka vibali na hesabu. Lakini kibali hakimlishi mnyama.

Fikirini safari yenyewe. Kijana anakwenda porini usiku na tochi, kwa sababu kinyonga akilala rangi yake hufifia na kung'aa katika mwanga. Anamtia mfukoni pamoja na wengine. Anamwuza kwa mtu wa kati, naye anamwuza kwa mwenye kibali mjini. Humo katika tundu anawekewa maji bakulini, na kinyonga hatambui maji ya bakuli. Yeye hunywa matone ya umande na mvua juu ya majani. Basi alikufa kwa kiu na bakuli la maji liko mbele yake, na mwenye tundu akasema amekufa kwa ugonjwa.

Walioshinda kuwafuga walijifunza hatua kwa hatua, na kila hatua iligharimu maisha ya wanyama. Kwanza, maji yanyunyizwe juu ya majani. Pili, chakula kiwe hai, kwa kuwa jicho la kinyonga hufuata kinachotikisika. Mdudu aliyekufa kwake ni kama jani. Hapo ndipo watu wa Ulaya walipoanza kufuga nyenje kwa maelfu, kama sisi tufugavyo kuku. Nyenje mwenyewe naye ana hatari. Mdudu asiwe mrefu kupita upana wa kichwa cha kinyonga, asije akamkaba kooni. Nyenje wasioliwa hadi jioni sharti waondolewe, kwa maana usiku kinyonga amelala, na nyenje mwenye njaa humwuma macho na ngozi. Mlaji akageuka mliwa! Siafu hata sijui niseme nini. Tundu likiachwa chini, siafu wakapita, asubuhi hutakuta kitu. Maji moto nao, wale wa mwekundu wajengao viota vya majani katika minazi na mikorosho, si wa kutiwa tunduni, ijapokuwa shambani ni rafiki zetu. Katika miaka ya 1950 mtaalamu mmoja aliyeitwa Way alionyesha huko Unguja kwamba maji moto humfukuza mdudu afyonzaye nazi changa zikaanguka.

Tena wako wadudu wenye sumu yao wenyewe. Mnamjua panzi yule wa rangi nyingi, aendaye pole pole bila kuogopa mtu, alaye mihogo na kutoa harufu mbaya. Mbona haogopi? Kwa kuwa sumu ya mimea anayokula huiweka mwilini mwake, na rangi zake ni tangazo. Viwavi wenye manyoya ni hivyo hivyo. Huko Marekani mijusi ya kufugwa imekufa baada ya kumeza kimulimuli mmoja tu, habari iliyoandikwa na wataalamu mwaka 1999. Mijusi hiyo ilitoka nchi ya mbali, ambako hakuna kimulimuli wa namna ile, kwa hiyo haikujua kumwepuka. Kinyonga wa porini ana nafasi ya kuchagua. Wa tunduni hula alichopewa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wafugaji walichelewa sana kulijua. Vinyonga walilishwa nyenje wengi, wakashiba, na bado mifupa yao ikalainika, miguu ikapinda kama ya mtoto mwenye matege, na ulimi ukashindwa kurudi kinywani. Kwa nini? Nyenje ana madini kidogo ya kujenga mifupa. Na nyenje aliyeshindishwa njaa katika boksi ni mfuko mtupu; kinyonga anameza ganda. Ikawapasa kumlisha nyenje kwanza, siku moja au mbili, mboga za majani, karoti na mfano wa hivyo, kisha kumpaka unga mweupe wa madini hayo kabla ya kumtoa. Unga huo ni wa jamii ya maganda ya yai yaliyosagwa. Tafadhali msisikie neno unga mweupe mkafikiri chokaa ile ya matumbawe iliyochomwa, iliyojengea Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, hiyo huunguza. Pia walijua kwamba bila jua mwili hauwezi kuyatumia madini hayo, na kioo cha dirisha huzuia ile miali inayohitajiwa. Katika baridi ya London mfugaji hana budi kununua taa maalum. Hapa Lindi jua twalipata bure, hata tunalilalamikia.

Basi kanuni ni hii: kinyonga hali mdudu tu, hula na kile alichokula mdudu. Mwalimu, waandikishe sentensi hiyo, maana ndiyo inayoturudisha mashambani.

Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walitapakaa sehemu kubwa ya Afrika, na moja ya makao yao ya kuzaliana ilikuwa bonde la Rukwa. Katika Afrika ya Mashariki walipigwa kwa pumba zilizochanganywa na sumu ya aseniki. Sumu ile haikuchagua. Mnyama aliyeila pumba alikufa kama nzige. Baada ya Vita vya Pili zikaja dawa mpya, DDT na dieldrin, zilizosifiwa sana kwa kuwa hazimalizi nguvu upesi. Sifa hiyo ndiyo iliyokuwa aibu yake. Mdudu aliyepata dawa kidogo hakufa palepale. Alilegea, akayumbayumba, akawa rahisi kunaswa, na aliyemla alijiwekea dawa ile katika mafuta ya mwili wake, leo kidogo na kesho kidogo. Mwaka 1962 mama mmoja wa Marekani, Rachel Carson, aliandika kitabu kueleza jinsi ndege walivyokufa kwa njia hiyo, na watengenezaji wa dawa wakamshambulia sana. Mwaka 2001 mataifa yaliafikiana huko Stockholm kuziondoa dawa za aina hiyo. DDT iliachiwa nafasi ndogo, kwa ajili ya kupigana na mbu wa malaria.

Kwetu habari iliendelea kwa jina jingine. Tangu miaka ya 1980 mikorosho ya Lindi na Mtwara imepulizwa salfa kwa sababu ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe katika maua na majani machanga. Kila mwaka, yapata Juni mpaka Septemba, mashine hunguruma alfajiri na vumbi la manjano likapanda. Salfa ni ya ukungu, wala si kali kama dawa za wadudu. Lakini shamba hilo hilo hupulizwa pia dawa ya kumwua mbu wa mikorosho, na hiyo ni sumu ya wadudu hasa. Panzi aliyepita hapo hana alama usoni. Kinyonga humwona anatikisika, basi. Mtoto anayemkamatia kinyonga wake panzi kutoka chini ya mkorosho uliopulizwa jana anampa sumu kwa mkono wa upendo. Na mkono ule ule atakwenda nao kula ugali.

Juu ya kumfuga, sheria ni wazi. Sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali kwa anayekamata mnyama wa porini. Na mwaka 2016 serikali ilisimamisha kupeleka wanyama hai nchi za nje. Hapo wafanyabiashara wakabaki na wanyama matunduni, na mnyama wa tunduni hula kila siku, marufuku iwepo au isiwepo. Mwezi Juni 2022 ilitangazwa kwamba wangeruhusiwa kuwauza nje waliobaki kwa miezi sita. Watu wengi walipinga, na tangazo likasimamishwa karibu mara moja. Mimi naona waliopinga walikuwa na haki, lakini waliosahau kuuliza nani anawalisha wale waliomo ndani walisahau jambo kubwa.

Wengine hawakungoja kibali. Mwezi Januari 2021 ilitangazwa habari ya mtu mmoja aliyekamatwa katika uwanja wa ndege wa Vienna, nchi ya Austria, akiwa na vinyonga 74 wa milima ya Usambara. Alikuwa amewaficha katika soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Watatu walikufa. Waliosalia walipona kwa sababu huko palikuwa na watu wajuao matone ya maji, nyenje waliolishwa na taa ya jua.

Muda wetu unakwisha. Mwalimu, maneno mapya ya leo ni haya: makumbusho, kibali, mkataba, madini, ubwiriunga. Kila mwanafunzi ayasome kwa sauti, kisha ayaandike mara tatu. Halafu kila mmoja aandike sentensi mbili juu ya kinyonga aliyemwona mwenyewe: alikuwa juu ya mti gani, na alikuwa akifanya nini. Asiyepata kumwona, amtafute katika uzio au michongoma karibu na nyumba, saa mbili za asubuhi, jua linapoanza kuwa kali. Hapo ndipo hutoka kuota jua kabla ya kuwinda. Mtazameni tu, msimshike. Wenye mashamba waandike sentensi ya tatu: shamba lilipulizwa dawa lini kwa mara ya mwisho, na dawa ile inaitwaje. Kama jina halisomeki katika kopo, lileteni kopo tupu kwa Mwalimu, limefungwa katika mfuko, mlisome pamoja.